Leo nimeanza vayolini jamani

Basi leo nimeanza rasmi, huku huku Nyegezi, Mwanza, mwalimu ni kaka mmoja wa kwaya anafundishia sebuleni kwake, nje bodaboda zinapiga honi na mama wa dagaa anapita anatangaza.

Mi nilijua nitapiga wimbo leo leo. Wapi! Kwanza kapaka rozini kwenye upinde, ule utomvu wa msonobari uliogandishwa, anasema bila hiyo singa za farasi zinateleza tu kwenye nyuzi, hakuna sauti.

Nyuzi zenyewe nne, kila uzi na noti yake, sol re la mi, wanakwaya mnaelewa.

Nikaambiwa vuta uzi wa la, taratibu, kidole kidogo kikunje juu ya upinde... weee! Ikatoka sauti kama bati linakwaruzwa. Mtoto wa mwalimu kaziba masikio huku ananitazama usoni kabisa 😂

Ila kuna mvuto mmoja sijui ilikuwaje, mkono ukalegea sauti ikatoka safi, nikaisikia inatetema mpaka kwenye mfupa wa taya, maana vayolini unaibana kwa kidevu. Nilisisimka aisee. Gitaa halijawahi kunifanyia hivyo.

Shingo sasa hivi haigeuki.

Mliopitia huku, maumivu yanaisha lini? Na majirani mliwaambiaje?