Siku moja maishani mwangu: mtunzi wa simulizi, Tanga

Watu mtaani wakiniuliza nafanya kazi gani nikisema naandika hadithi, swali linalofuata huwa "sawa, lakini kazi?" Ndo maana naandika hii. Mimi ni mtunzi wa simulizi, nauza kwenye magrupu ya WhatsApp, elfu mbili hadithi nzima, sehemu moja kila siku kasoro Ijumaa. Niko Ngamiani, na huu mwaka wa saba.

Saa kumi na moja alfajiri naamka, naswali, naandika mpaka saa moja na nusu kabla nyumba haijachangamka. Jana ilikuwa sehemu ya 23, mke wa mvuvi anapewa habari kwamba ngalawa imeonekana lakini mumewe hayumo. Saa mbili nampelekea mama vitunguu gengeni, nafagia, nakunywa chai, basi.

Saa tatu nikakaa nisome nilichoandika. "Moyo ulimpasuka vipande vipande, machozi yakamtiririka kama mvua ya masika." Zamani hiyo sentensi ningeipenda sana. Nilivyoanza nilikuwa naiga tu, majumba ya Masaki na magari ya kifahari, wakati Dar yenyewe nilifika mara moja kwenye msiba na Masaki sikuiona. Nikatoka hapo nikaingia kwenye maneno mazito, kila mtu kwenye hadithi anaongea kama mwalimu wa Kiswahili, hata kondakta wa daladala, nikakaa humo kama miaka miwili. Kilichonitoa ni genge la mama. Nikaanza kuandika kwenye daftari watu wanavyoongea, nikaona mtu akidaiwa haongelei deni, anauliza mtoto wako anaendeleaje. Baada ya hapo nikajifunza kufuta, na hii iliniuma kuliko zote maana unafuta kitu kizuri kabisa kwa sababu tu hapo si mahali pake.

Sasa hivi jicho limeutangulia mkono. Naona kabisa sentensi haifai ila ya kuweka badala yake sina. Anayeanza haumii hivi, anaandika, anafurahi, anatuma. Mimi nilikaa saa nzima na mistari miwili.

Hapo simu ikaita. Mteja wangu mmoja, wa siku nyingi. "Mtunzi, umeniacha na arosto, nimelala vibaya, sehemu iko wapi?" Nikamwambia dada yangu, ni saa mbili usiku kama kawaida. "Mi nimelipa, nitumie mimi kwanza." Haijakamilika dada. "Si unaandika tu? Kaa chini andika, una kazi gani nyingine we?" Nikanyamaza. Akaendelea, mume asife, nikimuua nimrudishie hela yake, na yeye keshajua hadithi ilivyo, huyo mwanaume yuko Mombasa ameoa, dakika ishirini na kitu tunaongea hayo, halafu alivyokata zikaingia voisi sita, moja ya dakika nne, ananipangia mpaka jina la huyo mke wa Mombasa. Na najua huwa anawarushia wenzake sehemu zangu bure, ila ndo huyuhuyo aliyeniletea wateja kumi na moja, kwa hiyo nikaandika "nimekusikia dada, ahsante."

Umeme nao ukakatika, laptopu haina chaji. Nikaenda zangu Deep Sea, mnadani kwa samaki. Kuna mama alikuwa anapaa changu, mtoto akaja akamnong'oneza kitu sikioni. Kisu kikasimama. Akauliza, "Amesema nani?" Halafu akaendelea kupaa, samaki yuleyule, upande uleule ulioshaisha magamba, mpaka ngozi ikachanika. Sikujua ameambiwa nini na sikuuliza. Nilirudi nyumbani karibu nakimbia.

Huku ndo kwao Shaaban Robert, alizaliwa Vibambani mwaka 1909, na miaka mingi alikuwa karani wa serikali. Watu hunitajia hilo kunisuta, kwamba hata yeye alikuwa na ajira. Mi nalisikia kivingine, mtu katoka ofisini kachoka na bado akaandika vile.

Mchana sijui ulikwenda wapi. Umeme ulirudi, niliandika kwenye simu, nikahamisha, nikafuta, mgongo, bando limeisha, mama ananiita, nakuja mama, adhana ya magharibi bado niko kwenye yule mama na kisu. Machozi nikayatoa yote. Nikatuma saa mbili na dakika arobaini, nimechelewa, na kwenye kurasa tatu za asubuhi ilibaki kama moja na nusu, lakini ni ukurasa na nusu ambao miaka mitatu nyuma nisingeuweza.

Dada yangu wa asubuhi akajibu wa kwanza. "Fupi. Na mbona huyo mama halii?"

Nikala, nikalala. Saa sita usiku macho yakafunguka. "Amesema nani?" ilitakiwa ije mwisho, baada ya ngozi kuchanika. Nimeiweka mwanzo kwa sababu ndivyo nilivyoiona Deep Sea, na kwenye hadithi hapo si mahali pake. Nikawasha simu gizani nikairekebisha kwenye faili langu, ingawa watu mia mbili na kitu walishasoma ile nyingine.