Ndimu na kona za Soni

Mzee alifariki 2019, na hata arobaini haijaisha kaka yangu alikuwa ameshauza kile kipande cha shamba chenye miti ya mapeasi, kule kwetu juu Lushoto, bila kumwambia mtu. Mimi nilikuja kusikia kwa jirani. Basi hapo ndo tukanuniana. Harusini kila mtu kona yake, kwenye grupu la ukoo akiandika yeye mimi nanyamaza, ndugu wakawa maposta, mwambie dada yako hivi, mwambie kaka yako vile, upuuzi mtupu.

Desemba 2023, zile mvua za El Niño, mama akapiga simu presha imepanda, njoo wikiendi hii. Kumbe na kaka kaambiwa hivo hivo. Tukakutana Mombo kwenye koasta, na siti iliyobaki ni ya pembeni yake. Nikatoa shikamoo ya mdomoni tu, akaitikia huku anaangalia dirishani.

Sasa wanaoijua ile barabara wanaelewa, ni kona juu ya kona, mlima huku bonde huku, na kaka toka utotoni zile kona zinamtapisha. Hatujafika hata Soni naona jasho linamtoka juu ya mdomo, kang'ang'ania siti ya mbele, kimya. Mimi na hasira zangu zote nikajikuta nafungua pochi natoa ndimu, maana mama alituzoesha kusafiri nayo, nikaikwaruza kwa kucha nikampa anuse. Wapi! Konda akarusha mfuko, nikaushika mimi, akatapika weee, abiria wa nyuma wanasonya.

Alipomaliza kujifuta akasema, bila kuniangalia, "Dada, ile hela niliila. Madeni yalinibana, nikaogopa kusema." Basi, hakuongeza neno. Mi miaka yote nilikuwa nimepanga maneno ya kumjibu siku akileta visingizio, na visingizio hakuleta, nikabaki namwambia tu kaka endelea kunusa, kona bado zipo.

Tumefika tunamkuta mama jikoni anasonga ugali, presha iko wapi! Akamkagua kaka juu mpaka chini, "Umetapika tena wewe?" Tulicheka mpaka ugali ukashika chini.

Hela hajanilipa mpaka leo. Nikimdai anasema atalipa kwa kabichi, na kweli magunia yanakuja, nimegawa mpaka majirani wamechoka.