Mtoto wa paka alishwe nini, na kiasi gani

Hapa Jinja, Uganda, mtu akiokota watoto wa paka nyuma ya stoo, au mama yao akigongwa na bodaboda na kuwaacha bado wachanga, jambo la kwanza analolifikiria ni maziwa ya ng'ombe, na la pili ni wingi wake. Majirani wanajua kwamba nyumbani kwangu paka hawakosekani, kwa hiyo maswali hayo huishia mlangoni pangu. "Shangazi, nimewamiminia kikombe kizima na bado wanalia," kijana mmoja wa mtaani aliniambia majuzi, nami nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwa kumuuliza watoto hao wana uzito gani na kama wameshafumbua macho. Bila kuyajua hayo mawili, hakuna anayeweza kukuambia kiasi cha chakula, na kikombe hakitakusaidia kwa lolote.

Umri husomeka mwilini. Mtoto anayezaliwa huwa na uzito wa gramu 85 hadi 115 hivi, macho yamefumba na masikio yamelala. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, meno ya mbele huanza kuchomoza mnamo wiki ya tatu, na kufikia wiki ya nne anatembea vizuri na kuanza kuingiza pua kwenye sahani ya wakubwa. Uzito unahitaji mizani, na mizani ndogo ya jikoni inatosha kabisa. Ukikosa, mwenye duka anayepima sukari kwa gramu atakupimia mtoto wa paka ndani ya kikapu, ingawa huenda akakucheka kwanza. Mtoto mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku, na nambari hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko kilio chake, kwa sababu mtoto wa paka hulia kwa njaa, kwa baridi, kwa tumbo na hata kwa upweke, na sauti ni ile ile.

Kabla ya yote, hakikisha kweli mama hayupo. Paka mama huondoka kwa saa kadhaa kutafuta chakula au kuwahamisha watoto mmoja mmoja, na watu wenye huruma humpora watoto wake wakidhani wametupwa. Kama yupo, mlishe yeye: anayenyonyesha huhitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kile cha kawaida, na hakuna kitu utakachokoroga jikoni kitakachoshinda maziwa yake, hasa yale ya kwanza, dang'a, ambayo humpa mtoto kinga ya magonjwa katika saa zake za mwanzo duniani na baada ya hapo utumbo wake hauwezi tena kuipokea.

Sasa tuje kwenye maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya paka yana protini takriban mara mbili ya yale ya ng'ombe, na mafuta yake pia ni mengi zaidi, ilhali sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe ni nyingi mno ukiilinganisha na nguvu anayoipata mtoto, kiasi kwamba sehemu yake hubaki utumboni bila kusagwa na kumharisha. Watu wakiona kuhara huongeza maji ili "kuyapunguza makali", na hapo ndipo mambo huharibika zaidi, maana mtoto sasa anajaza tumbo kwa kitu chenye lishe kidogo kuliko mwanzo, na mwili wake unaendelea kupoteza maji. Usisahau pia kwamba maziwa ya kupimiwa barabarani huenda yalishaongezwa maji kabla hayajafika kwako. Maziwa ya mbuzi, ambayo wengi huyasifu, hayana protini inayomtosha vilevile.

Kinachofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ambayo ni rahisi zaidi kuyapata Kampala, kwenye kliniki za wanyama, kuliko huku kwetu. Ni ghali, sikatai. Wakati unayasubiri yafike, unaweza kutengeneza mchanganyiko wa dharura kwa robo lita ya maziwa halisi yaliyochemshwa na kupoa, viini viwili vya mayai mabichi safi bila ute, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Huu ni wa siku moja au mbili, si wa kulelea mtoto.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kwa siku nzima, mtoto anahitaji karibu mililita 20 za maziwa hayo maalumu kwa kila gramu 100 za uzito wake, lakini tumbo lake halibebi zaidi ya mililita 4 au 5 kwa kila gramu 100 kwa mara moja. Kwa hiyo mwenye gramu 100 hupata mililita 20 kwa siku, ukimgawia mililita mbili na nusu mara nane, mchana na usiku; mwenye gramu 200 hupata mililita 40, tano kwa kila mlo, mara nane. Katika wiki ya kwanza pengo kati ya mlo na mlo ni saa mbili hadi tatu, katika ya pili ni saa tatu hadi nne, na linaendelea kupanuka hadi saa tano au sita anapofikisha wiki nne. Anayekuahidi kwamba kuna namna ya kulala usiku kucha katika wiki ya kwanza anakudanganya.

Namna ya kulisha ina uzito sawa na kiasi. Bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yenyewe, hupatikana famasi yoyote kwa bei ndogo. Mtoto alale kifudifudi juu ya taulo, kichwa kimeinuka kidogo, kama angekuwa chini ya titi la mama. Usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, kwani maziwa yataingia mapafuni na homa ya mapafu itamuua ndani ya siku chache. Maziwa yawe na joto la mwili, karibu nyuzi 38, na yatoke tone kwa tone, yeye mwenyewe akivuta. Akishika vizuri utaona ulimi umejikunja kuzunguka ncha ya bomba na masikio yakichezacheza kila anapomeza, na ukiona povu la maziwa puani, acha hapo hapo, mwinamishe kichwa na umfute. Kabla hujaanza, mguse tumbo na makucha: mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula, na kumlisha akiwa baridi ni hatari kuliko njaa yenyewe. Mpashe joto polepole kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, na chakula kifuate baadaye. Baada ya kila mlo, mpake kitambaa chenye maji ya uvuguvugu sehemu ya haja, kama mama anavyomlamba, kwa kuwa hadi wiki ya tatu hivi hawezi kukojoa wala kujisaidia bila kusuguliwa.

Kuanzia wiki ya nne mzigo unapungua, na hapa ndipo sisi wakazi wa ukingo wa Ziwa Viktoria tuna bahati. Mukene, ambao Watanzania huwaita dagaa na Wakenya omena, hufaa sana kwa mtoto anayeachishwa ziwa, kwa sababu huliwa mzima, mifupa yote pamoja, na mifupa hiyo laini ndiyo chokaa, yaani kalsiamu, ya mifupa yake. Ukienda kununua wale wa Masese, mwalo wa wavuvi hapa Jinja, muuzaji atakuuliza kama unataka wa watu au wa kuku. Chukua wa watu, japo ni kwa ajili ya paka: wale wa bei ya chini kwa kawaida huanikwa juu ya mchanga, na mchanga huo utausikia ukikwaruza ukiwasugua kati ya vidole. Waoshe kwa maji mara kadhaa, chemsha bila chumvi, kisha saga pamoja na supu yao mpaka wawe uji mzito. Usiwape wabichi hata ukiwapata wametoka majini sasa hivi, kwani baadhi ya samaki wabichi huwa na kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kuchemsha ndiko kunakokiua.

Supu hiyo usiimwage. Paka wanahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambayo mwili wao hauwezi kuitengeneza kwa kiasi cha kutosha, na taurini huyeyuka katika maji ya kupikia. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha katika jarida la Science kwamba ukosefu wake ndio uliokuwa ukidhoofisha mioyo ya paka wengi, na ilishajulikana kabla ya hapo kwamba huharibu pia macho. Imo kwa wingi katika moyo, katika nyama nyekundu na katika samaki, na haimo katika mimea. Ndiyo maana posho, yaani ugali, iliyochovywa kwenye mchuzi, ambayo ni chakula cha paka wengi katika mtaa wetu, hushibisha bila kujenga, na chakula cha mbwa nacho hakimtoshi. Mioyo ya kuku, ambayo wachinjaji sokoni huiuza rahisi, ninaiona kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko maziwa yoyote.

Hata hivyo, nyama tupu nayo ni kosa la upande wa pili. Mtoto anayelishwa mnofu pekee hukosa chokaa, mifupa yake hulainika, na anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kitini. Ini ni zuri kwa kiasi kidogo, mara moja au mbili kwa wiki, lakini likiwa chakula cha kila siku vitamini A hurundikana mwilini na kumdhuru. Changanya, basi: mukene, moyo, nyama ya kusaga iliyopikwa, yai lililochemshwa. Kama uwezo upo, chakula kikavu cha watoto wa paka, kilicholowekwa maji moto mpaka kikalainika, hukuondolea hesabu nyingi, ila soma mfuko uhakikishe kimeandikwa kuwa ni cha wanaokua. Vitunguu vya aina zote, chokoleti, samaki wa chumvi na mifupa iliyopikwa ya kuku visifike kwenye sahani yake.

Kuhusu kiasi, mtoto wa wiki kumi mwenye kilo moja hutumia karibu kilokalori 200 kwa siku, ambazo ni kama gramu 50 za chakula kikavu, au takriban gramu 100 za nyama iliyopikwa. Kwa kila kilo ya mwili wake anakula zaidi ya mara mbili ya paka mzima, kwa hiyo usimwonee choyo. Gawa katika milo minne kwa siku mpaka miezi minne, mitatu mpaka miezi sita, kisha miwili. Umbo la mwili wake litakuonyesha kama umepatia: mbavu uzipapase kwa urahisi bila kuziona.

Tumbo likiwa duara kama ngoma huku mgongo umekonda, hiyo si shibe, ni minyoo, na chakula chochote utakachoongeza kitailisha hiyo minyoo. Minyoo ya mviringo hupita katika maziwa ya mama, kwa hiyo hata aliyezaliwa ndani ya nyumba safi huenda akawa nayo. Dawa huanza wiki ya pili au ya tatu na kurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane, kwa kipimo cha uzito atakachokukadiria daktari wa mifugo wa wilaya yako. Mwulize siku hiyo hiyo kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa mtoto akifikisha wiki 12. Akihara zaidi ya siku moja, au akikataa milo miwili mfululizo akiwa bado hajafikisha wiki nne, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje kesho.