Nilivyojifunza kumtoa mtu aliyejibanza kwenye Tekken

Karibu kila sehemu ya gemu hapa Ng'ambo, mjini Unguja, ina mtu wake wa aina hii kwenye Tekken, ile gemu ya video ya watu wawili kupigana. Anakupiga ngumi moja mwanzo wa raundi, damu yake, ule mstari wa uhai ulio juu ya skrini, inazidi yako kidogo tu, kisha anarudi nyuma na kujibanza. Hashambulii tena. Ukimfuata anajikinga, ukirusha teke analizuia na kukulipa moja, halafu huyoo, karudi nyuma. Raundi ya Tekken ina sekunde 60, na saa ikimalizika mwenye damu nyingi ndiye mshindi, hata kama tofauti yenyewe ni ile ngumi moja ya mwanzo. Akishachukua raundi tatu namna hiyo, wewe unanyanyuka na kumpa pedi anayefuata kwenye foleni.

Ninapocheza mimi, si mbali na majumba ya Michenzani, mtu huyo ni kaka mmoja mtaratibu anayemtumia Asuka, mmoja wa wahusika wa gemu hiyo. Na Asuka anamfaa khasa, maana ana mbinu ya kuudaka mkono au mguu unaomjia na kukuangusha nao. Kwa muda mrefu watu wakiona zamu yake imefika wanaguna. "Yakhe, pigana basi!" Yeye kimya, vidole tu vinakwenda. Ikafika hadi baadhi ya vijana kumtaka mwenye sehemu aweke sheria: anayejikinga mfululizo anyang'anywe pedi. Wengine wakataka saa izimwe, raundi iwe haina mwisho.

Mimi niliyakataa yote mawili na hata leo nayakataa. Sheria ya kwanza haina kipimo. Nani atahesabu, na kujikinga mara ngapi ndiyo kuzidi? Ya pili ni mbaya zaidi. Saa ikizimwa, ni kweli anayeongoza hawezi tena kushinda kwa kungoja, lakini na anayefuatia naye halazimiki kwenda. Wote wawili wanaweza kukaa mbali wakitazamana, na huku benchi zima linangoja zamu. Saa ndiyo inayomlazimisha mmoja wao atoke. Kazi yangu ni kuhakikisha wa kutoka ni yeye.

Tena kujikinga ni ufundi. Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, alipochukua ubingwa wa Tekken 7 kwenye Evo, yale mashindano makubwa ya gemu za kupigana, huko Las Vegas mwaka 2019, alimshinda mchezaji Knee wa Korea Kusini katika fainali, na moja ya mambo yaliyowashangaza watazamaji ni utulivu wake: anajikinga, anarudi hatua moja, pigo la mpinzani linapita patupu, naye anaadhibu. Kijana aliyelelewa kwenye kumbi za gemu za mitaani, mahali ambapo wengi hawakupatazamia bingwa. Huyo huwezi kumwita mwoga. Kwa hiyo sikutaka kaka wa Michenzani akatazwe. Nilitaka nimshinde.

Nilianza kwa kujiuliza swali moja: damu yangu inakwenda wapi? Nilimwomba rafiki yangu aturekodi kwa simu tukicheza, kisha nikakaa na video zile polepole. Jibu lilikuwa wazi. Mapigo aliyoyaanzisha yeye yalikuwa machache mno. Sehemu kubwa ya damu niliyopoteza niliipoteza mara tu baada ya pigo langu kuzuiwa. Mtu wa kujibanza hana mashambulizi ya kutosha kukumaliza. Anaishi kwa mashambulizi yako. Kelele za benchi, haraka yako, hamu yako ya kumvunja, vyote hivyo ni chakula chake.

Hapo ndipo hesabu ya fremu inapohitajika, na nawasihi wenzangu wasiiogope. Fremu ni picha moja moja zinazopita kwenye skrini, na gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka ya wahusika wengi inafika ndani ya fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Pigo lako likizuiwa nawe ukabaki nyuma kwa fremu 10 au zaidi, yaani mwenzako akawa huru kupiga kabla yako, ngumi hiyo inakupata kabla hujawahi kujikinga. Ukibaki nyuma kwa 15, wengi wana pigo la kukurusha hewani na kukuunganishia kombo, mapigo mfululizo usiyoweza kuyazuia. Teke lile zuri unalolipenda, ambalo likipata linamrusha mtu, mara nyingi ndilo linalokuacha wazi zaidi likizuiwa.

Binamu yangu wa Kikwajuni ana PlayStation 5 nyumbani, basi nikawa nakwenda kwake jioni. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, inakuonyesha fremu hizo kwenye sehemu ya mazoezi bila ya kulipia kitu. Unamweka Asuka ajikinge kila pigo, kisha unamrekodi ngumi yake ya kujibu. Ukirusha pigo lako na likazuiwa, jaribu kujikinga hapo hapo: ukipigwa, pigo hilo si la kumrushia mtu aliyejibanza. Mimi namtumia King, yule mwanamieleka mwenye kinyago cha jagwa. Nilipita kwenye mapigo yangu moja baada ya jingine, na mengi niliyoyategemea nikayaweka pembeni. Yaliyobaki hayavutii macho: ngumi mbili za haraka, goti, teke dogo la chini. Lakini kwa hayo peke yake nilikuwa nimeshamfungia nusu ya riziki yake.

Kumnyima chakula hakutoshi, kwa sababu anaongoza na saa inakwenda. Lazima umfungue.

Kinga ya Tekken ina milango, na haiwezi kufungwa yote kwa wakati mmoja. Aliyesimama akijikinga anazuia mapigo ya juu na ya kati, lakini la chini linampata. Akichutama anazuia la chini, na la juu linampita kichwani, lakini la kati linampata. Na kumkamata mtu, kule kumshika mwilini na kumbwaga, hakuzuiwi na kinga ya kusimama hata kidogo. Wanaojibanza wengi husimama, kwa sababu mapigo yanayoumiza zaidi ni ya kati, na la chini lenye nguvu huwa la polepole hata jicho linaliona likija. Kwa hiyo mkamato ndio ufunguo wa kwanza. Mbinu ya Asuka ya kudaka nayo haina kazi hapo, maana inadaka ngumi na mateke.

Mtu anaweza kujinasua kwenye mkamato, na hapa watu wengi hukata tamaa mapema. Mkamato wa kawaida unavunjwa kwa kibonye cha mraba au cha pembetatu, chochote kati ya hivyo viwili. Mikamato maalumu ni habari nyingine. Unatakiwa uone ni mkono upi umetangulia: wa kushoto unavunjwa kwa mraba, wa kulia kwa pembetatu, na yote miwili kwa kubonyeza vyote pamoja. Mhusika kama King ana mikamato mingi ya namna hiyo, na muda wa kuamua ni sehemu ndogo ya sekunde. Nilianza kwa kumkamata kwa mkono mmoja tu, tena na tena, hadi nikaona anajinasua kila mara. Vizuri, kidole chake kimeshaganda kwenye kibonye kimoja. Nikabadilisha mkono. Ukimkamata kwa nyuma kabisa hana kibonye cha kumwokoa, na mtu anayejibanza, akizungukwa kwa hatua za pembeni, hujisahau akabaki amekupa ubavu.

Akishabwagwa mara kadhaa anaanza kuchutama kuikwepa mikono. Hilo ndilo nililokuwa nikilingojea, maana akichutama tu goti la King, ambalo ni pigo la kati, linampata. Sasa anabahatisha, na aliyezoea kungoja mwenzake akosee hapendi kubahatisha. Baina ya goti na mkamato naingiza teke dogo la chini. Linachukua damu kidogo mno, lakini akiliwahi akalizuia ananiadhibu vibaya, kwa hiyo nalitumia pale anapokuwa ameshaanza kusimama imara tena.

Kitu kilichonibadilisha zaidi hata hivyo si mkamato. Ni kutembea mbele bila ya kupiga. Waliolelewa pwani wanajua kwamba pweza aliye shimoni ukimvuta kwa nguvu anazidi kushika mwamba. Unamsumbua kidogo kidogo hadi mwenyewe aachie. Nilikuwa napiga hatua mbili mbele, nasimama karibu kabisa pale mikono inapofika, najikinga, sifanyi kitu. Yeye alikuwa akingoja pigo lije alizuie, na pigo haliji. Mwisho anarusha lake, ngumi au teke la kunisukuma, nami nalizuia na kumlipa kwa hesabu ile ile ya fremu aliyonisomesha yeye. Wallahi, mara ya kwanza alipogeuza shingo akanitazama badala ya kutazama skrini, nilijua nimefika mahali.

Uwanja wa kupigania ndani ya gemu una maana yake pia. Tekken 7 ilikuwa na uwanja unaoitwa Infinite Azure, maji na anga tu, hauna ukuta. Mtu anayejua kurudi nyuma kwa ile mbinu ya Wakorea, ya kukatiza hatua ya kurudi kwa kuchutama na kurudi tena, huko anaweza kukukimbia raundi nzima. Nikipata nafasi ya kuchagua uwanja, mimi siku zote nachagua wenye kuta. Kila hatua yake ya nyuma inampeleka ukutani, na akigusa ukuta hana tena pa kurudi; kilichobaki kwake ni kusimama au kuchutama, na milango ile nimeshaitaja.

Watengenezaji wa gemu za kupigana nao wameliona jambo hili. Kwenye gemu ya Guilty Gear anayekimbia kimbia bila kupigana anaonywa na kisha anaondolewa nguvu zake za ziada. Kwenye Street Fighter 6 ya mwaka 2023 kila pigo unalozuia linapunguza mstari wako wa Drive, ulio akiba ya nguvu zako, na ukimalizika, hata mapigo maalumu unayoyazuia yanakula damu. Tekken 8 imeleta Heat, hali ya muda ya kuongezewa nguvu: ukiiwasha, kwa sekunde 10 mapigo yako yanamla damu hata akijikinga. Sehemu ya damu hiyo anaweza kuirudisha, lakini kwa kushambulia tu. Akikaa anangoja, hairudi. Ndiyo maana Heat siiwashi mwanzo wa raundi kama wanavyofanya wengi. Naiweka mpaka awe na ukuta mgongoni.

Kisha kuna lile la kuongoza, ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Mtu wa kujibanza anajua kungoja akiwa mbele. Akiwa nyuma je? Nilianza kuyapa uzito wa ajabu mapigo ya mwanzo wa raundi, ngumi ile ndogo anayoitafuta yeye naitafuta mimi. Nikiipata narudi nyuma hatua moja na kujikinga. Benchi likapiga kelele, safari hii kwangu: "Na wewe umeanza?" Nimeanza, ndiyo. Ilibidi aje, na alipokuja nikaona jinsi mashambulizi yake yalivyo machache: namna mbili tatu, zile zile, maana miaka yote hakuwa na haja ya kujifunza nyingine. Watu hawapendi nikisema hivi, lakini ninaamini kumjibu mtu kwa silaha yake ni haki kabisa, na ni heshima kwake pia, kwa sababu unamlazimisha awe mchezaji kamili. Naye amekuwa. Asuka wake wa sasa anashambulia vizuri, na baadhi ya siku ananitoa kwenye kiti kwa kushambulia.

Kelele za benchi zinahitaji neno moja. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, sehemu ya gemu inajaa hadi mlangoni na kila mtu ana ushauri. "Ingia! Mpige! Anaogopa!" Ushauri huo ni wa mtu anayetaka zamu yake ifike upesi. Mimi niliwaambia wenzangu mapema, kwa upole, kwamba nitachukua sekunde zangu zote 60 na wao wakikaa hapa wachukue zao. Mwenye sehemu aliniunga mkono. Tangu hapo vijana wengine wadogo, wanaotoka skuli mchana na kuja kucheza, wameanza kuniuliza habari za fremu badala ya kuzomea, na naona kinga zao zinazidi kuwa nzuri wiki hadi wiki.

Kilichobaki kigumu ni sekunde 10 za mwisho nikiwa nyuma kwa damu. Kila mtu aliyebanwa na saa hukimbilia teke la chini au mkamato, na kaka yangu huyu alishalijua hilo zamani. Saa ikisoma 10 alikuwa anachutama. Kwa hiyo nikawa naziweka goti na Heat kwa ajili ya sekunde hizo, na goti likawa linampata mara nyingi. Siku hizi na hilo ameling'amua. Ikifika 10 anasimama wima, na mimi namkamata.