Jumapili ya Fundi Cherehani

Mwaka 2013 mwanangu wa kwanza alikuwa anakaribia miaka mitatu, na tulikwisha kujua kwamba hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimshika kabla hajaanza kutambaa. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Daktari mmoja alitushauri tuzidi kuzungumza naye kwa sauti kubwa huku tukimtazama usoni, na tungoje. Mke wangu akauliza, tungoje nini? Hakujibiwa. Tulipofika kituo cha matatu alikuwa ameshaamua: mtoto atafundishwa ishara, na sisi wazazi tutaanza.

Ila cha kujifunzia ndicho kilichotutoa jasho. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inaitaka serikali iikuze Lugha Ishara ya Kenya, na Ibara ya 120 inaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Basi mbunge ana haki ya kuchangia hoja kwa mikono, lakini nilipoingia duka la vitabu Mombasa kuulizia cha mtoto mdogo, muuzaji aliniletea kitabu cha kupaka rangi.

Katika kituo cha tathmini, pale watoto wenye ulemavu wanapopimwa kabla ya kupangiwa shule, mwalimu mmoja alitupa fotokopi ya herufi za vidole. Mama yule alikuwa mkweli. Shule zipo, alisema, Ziwani hapa mjini na Kibarani kule Kilifi, lakini huyu wenu bado mdogo. Tukaibandika ile karatasi jikoni, A mpaka Z. Mtoto asiyejua kwamba maziwa yana jina utamwandikiaje m-a-z-i-w-a hewani? Usiku nikawa nakwenda saiba kutazama video. Zilikuwa nzuri, na karibu zote zilikuwa za lugha ya ishara ya Kimarekani, ambayo si ile ya Kenya.

Mamangu alitutazama tukihangaika, mwisho akachoka. "Nyinyi mwatafuta vitabu, na kiziwi mwenyewe yuko Majengo anishonea madera miaka yote hii?"

Kweli, fundi yule tulimjua sote. Nilimwendea, nikamweleza kwa kuandika nyuma ya kitabu chake cha risiti. Akasoma, akaandika: "Mtoto miaka ngapi?" Kisha: "Jumapili mimi kuja. Mke kuja."

Walikuja baada ya adhuhuri, mkewe naye kiziwi, amebeba kunde za kuchambua kana kwamba amekuja kwa jirani. Fundi aliitazama ile karatasi ya jikoni, akatabasamu, akaiacha ilipo. Akaanza na kuketi. Mimi nilizoea kukaa dirishani. Akanishika bega akanihamisha, kwa kuwa mwanga ulikuwa nyuma yangu na mikono yangu ilikuwa kivuli kitupu. Mwezi mzima nilikuwa namwonyesha mwanangu kivuli. Kisha akatufundisha kumwita: kumgusa bega, kupunga mkono pembeni mwa macho yake, au kuwasha na kuzima taa. Kukanyaga sakafu, akaeleza, kunafaa kwenye mbao; hii yetu ya saruji haipeleki mtikisiko. Na usianze neno mpaka macho yake yamefika kwako.

Mke wangu akajaribu kumuuliza mtoto kama anataka maji. Mkono ulikuwa sawasawa, uso umekauka kwa hofu ya kukosea. Mtoto akabaki kumkodolea macho. Fundi akarudia ishara ileile, nyusi juu, kichwa kimeinama mbele kidogo, na mtoto akakimbilia mtungini. Hilo hakuna karatasi iliyotuambia, kwamba nusu ya swali iko usoni.

Lakini lililonibakia zaidi halikuwa somo. Katikati ya kunde, fundi na mkewe walianza kubishana wao kwa wao. Nadhani ilikuwa nauli, au bei ya kitambaa, sikuweza kuwafuata. Mikono ilikwenda kasi, mke akapiga meza, mume akacheka, akakanusha, akarudia. Mwanangu aliacha gari lake la kopo, akaja kukaa kati yao akigeuza kichwa huku na huku. Hajapata kuona maneno yasiyomhusu. Mtoto anayesikia huyaokota tangu tumboni, ya jirani, ya redio, ya ugomvi wa wazazi. Huyu kila neno lilimjia kama dawa, kwa kijiko, wazazi wamemkazia macho. Nikaona kwamba hata tungepata kabati zima la vitabu, tungekuwa bado na kijiko mkononi.

Jioni fundi aliniandikia mambo ya shuleni kwake, miaka ya sabini na themanini. Darasani walilazimishwa kutamka, na aliyetumia mikono alichapwa vidole. "Bwenini usiku sisi kuongea," akaandika, na kuonyesha kwa mkono walivyosogea chini ya taa ya ukumbini. Lugha yake yote aliipata pale, kwa wenzake. Kwao, likizo, alikaa kimya mpaka shule ifunguliwe.

Pesa alizikataa, pilau hakuikataa. Tukapatana awe anakuja Jumapili, nasi siku nyingine tumpeleke mtoto dukani akae chini ya cherehani.

Walipokuwa wanaaga, mamangu akamvuta mkono fundi. Yeye siku nzima alikuwa amekaa pembeni na tasbihi yake, tukidhani hayamhusu. "Mwandikie," akaniambia, "haya ya maji na maziwa nimeyaona. Anifunze namna ya kumgombeza."

Nikaandika. Fundi akacheka mpaka akajishika ukuta, akamwonyesha. Mamangu akarudia mara mbili tatu, vidole vigumu, uso hauhitaji somo. Kisha akamgeukia mjukuu wake, aliyekuwa ameshatia mkono kwenye kunde za mgeni, akangoja macho yafike, akaachia. Mtoto akaduwaa. Halafu akamrudishia ishara ileile, neno kwa neno.