Kuku Sita, Majani Makavu na Tuta la Vitunguu Saumu

Mwaka wa kwanza wa kufuga kuku nyuma ya nyumba, nilipanda punje 120 za vitunguu saumu majani ya miti yalipokuwa yakipukutika, wiki chache kabla ardhi haijaanza kuganda. Nilizifukia kwa kina cha sentimita 5, nikaacha sentimita 15 kati ya punje na punje, kisha nikatandaza majani makavu juu yake. Kesho yake, kabla ya saa tano asubuhi, karibu punje zote zilikuwa zimetapakaa juu ya ardhi. Kuku wangu sita hawakuwa wamekula hata moja, kwani vitunguu saumu havikuwa na maana yoyote kwao. Walichokifuata ni minyoo na wadudu, na mimi nilikuwa nimewaandalia udongo laini uliolimwa siku hiyohiyo, nikaufunika kwa majani ambayo kuku yeyote hawezi kuyapita bila kuyachakura. Nilizipanda upya zile nilizoziokota, wakazifukua tena. Walipomaliza hapo waliingia kwenye kabichi nilizozitegemea kwa miezi ya baridi, wakabakiza mashina matupu.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu sikuwafungulia kwa uzembe. Nilikuwa nimeambiwa, tena na watu zaidi ya mmoja, kwamba mavuno yakiisha unawaachia kuku bustani nzima nao wanakusafishia bila gharama. Ni kweli kwamba kuku husafisha, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kuku hatofautishi tuta lililomaliza kazi na tuta lililopandwa jana. Zaidi ya hayo, hurudi palepale kila siku mpaka pawe shimo la kuogea vumbi. Mtu anayetoa ushauri huo bila kutaja uzio humtia mwenzake hasara.

Msimu uliofuata niliamua kwamba kuku watafanya kazi mahali ninapotaka na kwa muda ninaotaka. Nilitengeneza kizimba kisicho na sakafu, chenye upana wa mita 1.2, sawasawa na upana wa matuta yangu, na urefu wa mita 2.4. Cha kwanza nilikiunda kwa mbao nene, kikawa imara sana, na kila nilipotaka kukihamisha nilihitaji mtu wa pili ashike upande mwingine. Baada ya wiki moja nilikibomoa. Cha pili nilikijenga kwa fito nyembamba na wavu mwepesi, kikiwa na kimo cha sentimita 60 tu, nikaweka mishikio miwili ya kamba. Sehemu kubwa ya vifaa ilikuwa mabaki, na nilichonunua hakikuzidi gharama ya mfuko mmoja wa chakula cha kuku.

Kilichonisumbua zaidi ni kuwaingiza. Siku ya kwanza niliwakimbiza kwa muda wa saa nzima. Wawili walijificha chini ya kichaka, mmoja akaruka uzio, na wote wakashinda na wasiwasi kiasi kwamba hawakuchakura chochote. Hapo ndipo nilipogundua mbinu ambayo hadi leo naiona kuwa bora kuliko kizimba chenyewe. Nilichukua kopo la bati, nikatia kiganja kimoja cha nafaka, na kila asubuhi nilipokuwa nikiwapa chakula nililitikisa kwanza, nikanyamaza kidogo, ndipo nikamwaga. Siku ya nne nilisimama mwisho wa tuta, nikatikisa kopo, na wote sita wakaja mbio mpaka ndani ya kizimba, wakifuata sauti. Tangu hapo sijamkimbiza kuku. Hata jioni ninapotaka warudi bandani, natikisa kopo mlangoni. Sharti lake ni moja: usilitikise kopo tupu hata mara moja, kwa sababu kuku hukumbuka.

Kabla ya kukiweka kizimba juu ya tuta huwa naondoa mwenyewe viazi vilivyogeuka kijani pamoja na mashina yake, kwa kuwa vina solanini, sumu inayoweza kuwadhuru kuku. Mashina ya nyanya na chochote chenye ukungu pia huondoka. Magugu, nyanya zilizoiva na kuanguka, na mabaki ya majani ya kabichi huyaacha. Ndani ya saa chache utaona kazi yao: wanang'oa magugu machanga, wanapekua mayai ya konokono, wanawafukua sota, wale viwavi wanaokata miche usiku, na udongo wa juu unabaki umelegea kana kwamba umepitishwa reki. Siku mbili zinatosha kwa kipande kimoja. Ukizidisha, wanamaliza hata minyoo ya ardhini, ambayo mkulima anaihitaji, na udongo unaanza kushindiliwa kwa miguu yao. Usiku hulala bandani, kwani kizimba chepesi namna hiyo hakiwezi kumzuia mnyama mwindaji. Vilevile sikiburuti wakiwa ndani, maana ubao wa nyuma unaweza kumbana kuku mguu.

Jambo la samadi lazima niliseme kwa mkazo, kwa kuwa niliwahi kuambiwa niimwage mbichi kwenye mboga zinazoendelea kukua. Samadi mbichi ya kuku ina naitrojeni nyingi inayounguza mizizi, na inaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Mimi nahesabu siku zisizopungua 120 kati ya kuku kutoka kwenye tuta na kuvuna chochote kinachogusa udongo, na ndiyo sababu kazi hii inafaa majira haya ya majani kupukutika: kipindi chote cha baridi kipo mbele, nalo tuta linapumzika chini ya majani.

Majani yenyewe, ambayo wengi huyakusanya na kuyachoma, kwangu yamekuwa mali. Majani mazima yakilowa hushikana kama karatasi na hayaozi haraka. Mimi huyamwaga kwenye uwanja wa kuku, kina cha sentimita 20 au zaidi, na kila asubuhi narusha nafaka kidogo katikati yake. Kuku huyachakura siku nzima, wanayavunjavunja, wanayachanganya na kinyesi chao, na yakipungua naongeza mengine. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi kwa kaboni kidogo, majani makavu yana kaboni nyingi kwa naitrojeni kidogo, na mboji huiva vizuri kaboni inapokuwa sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni, kwa hiyo viwili hivyo vinasaidiana. Uwanja uliokuwa tope tupu mwaka wa kwanza sasa hukauka, haunuki, na baridi inapokwisha nachimbua chini yake mboji nyeusi yenye harufu ya msitu. Majani yenye ukungu siyaingizi, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu ya kuku.

Katika majira hayohayo mayai yalipungua kutoka matano kwa siku hadi sifuri, na manyoya yakatapakaa bandani kana kwamba mto umepasuliwa. Mtetea mmoja alibaki na shingo tupu. "Hao wamezeeka, wachinje," nikaambiwa. Mwingine alinishauri niwatilie pilipili kwenye chakula. Namshukuru Mungu kwamba sikumsikiliza yeyote, kwa sababu kuku wale walikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu na hawakuwa na ugonjwa wowote. Walikuwa wakinyonyoka manyoya, jambo linaloletwa na kufupika kwa mchana. Kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16, na mchana ukishuka chini ya saa 12 mwili wake huacha mayai na kujenga manyoya mapya. Kwa kuwa manyoya kwa sehemu kubwa, takriban asilimia 85, ni protini, niliwabadilishia chakula chenye protini ya asilimia 16 nikawapa cha asilimia 20, nikapunguza nafaka ninazowarushia wachakure, na nikaacha kuwashikashika, maana manyoya machanga yana damu ndani na yanauma yakiguswa. Wapo wanaowasha taa bandani ili mayai yaendelee, na taa hufanya kazi kweli. Mimi niliona mwili uliofanya kazi mwaka mzima unastahili kupumzika. Wiki kumi baadaye wote sita walikuwa wamefunikwa upya, wakiwa wanang'aa kuliko siku nilipowanunua.

Banda nalo nilikosea kwa kuziba kila tundu nikiogopa baridi. Asubuhi nilikuta matone ya maji kwenye dari na harufu ya amonia, gesi kali itokayo kwenye kinyesi, iliyoniwasha macho. Kuku mkavu huvumilia baridi, lakini unyevu ndio unaofanya upanga wake wa kichwani uungue kwa barafu. Nilikata matundu mawili chini ya paa, juu zaidi ya vichwa vya kuku wanapokuwa wamelala, nikayafunika kwa wavu, na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Wakati huohuo nilianza kupitisha karatasi nyeupe chini ya fito wanazolalia, usiku, kwa sababu utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa mchana na kutoka gizani kunyonya damu. Karatasi ikirudi na michirizi myekundu, safisha nyufa zote kabla ya baridi kali, maana wadudu hao wanaweza kuishi miezi mingi bila kula.

Vitunguu saumu sikuviacha. Nilipanda tena punje 120 kwenye tuta lilelile, safari hii nikalaza juu ya udongo wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 5, nikaukaza kwa vigingi pembeni, kisha nikatandaza majani juu yake. Kuku walifika asubuhi, wakachakura majani kwa bidii zao zote, kucha zikakwama kwenye waya, na baada ya siku mbili wakapahama. Theluji ilipoyeyuka nilihesabu machipukizi 113 yaliyopenya kwenye matundu, nikaung'oa wavu kabla majani ya vitunguu hayajatanuka, na siku hiyohiyo nikalikuta yai la kwanza la mwaka kwenye kiota, bado lina joto.