Alama ya Kidole Juu ya Paa: Siku Moja ya Fundi Rangi wa Magari Madogo, Ndeeba

Saa kumi na mbili asubuhi

Natoka Kawempe kwa boda kabla foleni haijafunga njia za katikati ya mji wa Kampala. Nikifika Ndeeba gereji nyingi bado zimefungwa. Napenda saa hii kwa sababu moja tu: vumbi bado limelala. Namwaga maji sakafuni, nafuta kuta kwa kitambaa chenye unyevu, halafu nawasha feni ya kutolea hewa ianze kazi kabla sijafungua kopo lolote.

Kazi yangu ni kupaka rangi magari madogo ya mfano. Nilipaka magari halisi miaka tisa, hapahapa Ndeeba, kabla sijahamia kwenye haya ya kipimo cha 1:24, yaani madogo mara 24 kuliko halisi, ambayo unalishika moja kwa mkono mmoja. Wengi wakisikia hivyo husema natengeneza vitu vya kuchezea watoto. Mama yangu kule Bombo alisema hivyo mwaka mzima, mpaka siku nilipompelekea teksi nyeupe yenye mkanda wa miraba ya buluu. Aliizungusha mkononi, akaiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, na hapo ndipo ilipo hadi leo.

Saa mbili

Katogo ya utumbo na chai kwa jirani anayepika chapati. Nakula hukohuko kwake. Jiko lake la mkaa tulikubaliana likae upande wa pili wa ukuta, mbali na dirisha langu, maana mvuke wa thina, kiyeyusho cha rangi, ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini na unaweza kukutana na moto hatua kadhaa kutoka ulikofungulia kopo. Alinielewa siku ileile nilipomweleza, akahamisha jiko. Hakuna mtu ninayemheshimu zaidi kwenye uchochoro huu.

Saa tatu

Mpwa wangu anafika. Yeye anapiga msasa wa maji, mimi napaka miili mitatu praima, rangi ya kwanza ya kushikia nyingine. Saa nzima inapita bila neno.

Saa nne

Mteja wa Land Cruiser anafika. Ni mtu wa Arua, Kiswahili chake kimenyooka, na mkononi ana chupa ya maji iliyojaa rangi ya fedha. Baba yake amekuwa dereva miaka mingi, na gari aliloliendesha muda mrefu kuliko yote ni Land Cruiser 80 ya rangi hiyo. Kesho mchana ndugu wanakutana kumpongeza kwa kustaafu, na zawadi ni gari lilelile, urefu wa sentimita 20 hivi.

"Fundi, hii ndiyo rangi yenyewe," ananiambia. "Nimesoma namba kwenye kibati chini ya boneti, nimeenda dukani wamenichanganyia. Tumia hii."

Nilishamwandalia yangu tangu wiki iliyopita. Ni rangi ya aina ileile, beskoti ya thina (tabaka la rangi yenyewe, chini ya lile la kung'arisha) kama ya magari makubwa, ila chembe zake za alumini ni ndogo sana. Namweleza sababu. Chembe ya maikroni 20, sehemu moja ya hamsini ya milimita, kwenye gari halisi huioni kama chembe, unaona mng'aro tu. Iweke juu ya gari lililopunguzwa mara 24, na macho yataisoma kama kipande cha nusu milimita. Gari litaonekana limemwagiwa mchanga unaometa. Unene nao una hesabu yake. Rangi yote ya gari la kiwandani, kuanzia praima hadi klia, lile tabaka la juu linaloonyesha ng'ambo na kung'arisha, ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Unene huohuo kwenye gari hili ni sawa na kulipaka gari halisi rangi ya zaidi ya milimita mbili: mistari ya milango inazibika, vitasa vinavimba. Ndiyo maana naizimua rangi sana, thina nyingi kuliko rangi, na napaka kwa tabaka ambazo ukizitazama moja moja utasema sijafanya kitu.

Ananisikiliza huku akiandika kwenye simu. Nikimaliza anasema, "Sawa, lakini tumia hii."

Kwa hiyo nachukua vijiko viwili vya plastiki. Kimoja nakipaka rangi ya chupa yake, kingine yangu. Inachukua dakika 30, kwa sababu kila tabaka lazima lipumue, thina itoke, uso ufifie uwe kama karatasi, ndipo lije lingine. Nusu saa hiyo ananiuliza mara nne kama tumemaliza. Vikikauka namtolea nje juani na kumwekea mkononi, bila maelezo. Anavigeuzageuza. "Hiki," anasema, na ni kijiko changu.

Halafu anataka nimpunguzie bei, kwa kuwa rangi yake haikutumika.

Sikupunguza. Ninachotoza ni laki tatu na nusu, na humo mna siku nne za kazi, mwili wa gari uliotoka Japani, na vichujio vya barakoa ambavyo havirudii kazi vikishachoka.

Saa tano na nusu

Sasa rangi yenyewe. Eabrashi, bunduki ndogo ya kupulizia rangi, yenye tundu la milimita 0.3, mgandamizo wa hewa kidogo zaidi ya bar moja na nusu, umbali wa vidole vinne kutoka kwenye mwili. Tabaka la kwanza ni ukungu tu. Thina ya beskoti ni kali, na plastiki ya magari haya ni polistairini, inayoyeyuka kwayo. Ukilowesha mara moja, thina inapenya praima na uso wa plastiki unapasuka vinyufa kama udongo uliokosa mvua. Hakuna msasa unaolitibu hilo. Nimeshapoteza miili miwili hivyo mwaka wangu wa kwanza na sijasahau hata mmoja.

Tabaka tatu za ukungu, mbili za kufunika, halafu moja ya mwisho kutoka mbali kidogo na kavu kidogo, ili chembe zilale kwa mpangilio mmoja. Ukiloweka fedha, chembe zinaogelea na kukusanyika, nawe unapata mawingu. Gari hili halikupata hata wingu moja.

Saa saba

Klia. Hapa mpwa wangu anatoka nje, hata akibembeleza. Beskoti hukauka kwa thina kuondoka tu, lakini klia hii inachanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha, na hadena ina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukungu wake unaweza kukuachia pumu ya maisha, na pua haikuonyi, kwa sababu unaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu. Nami nabadilisha vichujio kwa kuhesabu saa za kazi, sisubiri harufu ipenye. Barakoa bora ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Ninaiwekea akiba.

Nilipovua glavu, paa la lile gari lilikuwa linaonyesha mabati ya dari kama maji yaliyotulia. Nililiweka juu ya meza ya kukaushia, nikafunga pazia, nikaenda kuswali na kula.

Nilirudi saa nane na dakika chache. Mteja alikuwa ndani ya pazia.

Alisema alipita tu kuangalia. Alisema mpwa wangu alimwambia asubiri nje, na ni kweli, kijana alimwambia. Alisema alitaka kujua kama imekauka. Kidole chake cha shahada kilikuwa na fedha kwenye ncha, na katikati ya paa palikuwa na alama ya kidole hichohicho, mistari yake yote inasomeka, imeshuka kupita klia hadi kwenye rangi.

Sikupaza sauti. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Yeye alisimama, akaanza kusema ni doa dogo, halafu, "Si unaweza kupitishia kidogo hapo hapo?" Na hilo ndilo linalonichosha kuliko alama yenyewe. Rangi ya fedha haipigwi kiraka. Ukipitishia mahali pamoja, chembe za pale zitalala tofauti na za jirani, na kila mwanga utakaopita utaonyesha duara. Isitoshe klia iliyoanza kushikana bila kukomaa haipokei thina mpya: inakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kuifuta kwa thina ni kuila praima na plastiki pamoja nayo. Njia ilikuwa moja, kungoja ikomae, kupiga msasa, na kurudia paa lote.

"Mzee anaondoka kurudi Arua keshokutwa," aliniambia, sauti imeshuka. "Kesho ndiyo siku yenyewe."

Nilimwambia aende, nitampigia simu.

Tuna sanduku la mbao nililolitengeneza mwenyewe, lina balbu chini na kipimajoto mlangoni. Naliweka digrii 45, siliachi lipande zaidi, kwa sababu plastiki hii ikipata joto jingi inajipinda na gari halitakaa tena kwenye chasisi yake. Gari liliingia humo kama saa tisa kasoro. Muda huo wote nilifunga tepu miili mingine, nikapaka magurudumu, nikatokea mlangoni kila dakika kumi kusoma kipimajoto kana kwamba kusoma kwangu kunaongeza joto. Mgongo ulianza kuuma sehemu ileile ya siku zote, kati ya mabega. Kazi hii unaifanya umeinama, umeshika pumzi, na mwisho wa siku shingo inakudai.

Mvua ilikuja jioni. Ni Novemba, tuliitarajia. Mvua inaleta unyevu, na thina ikitoka haraka kwenye hewa yenye unyevu uso unapoa, umande unashika, rangi inafifia kama imepakwa maziwa. Nilibadilisha thina, nikachukua ile inayotoka polepole. Tulilitoa gari, klia ilikuwa imeshika vya kutosha. Mpwa wangu alilipiga paa msasa laini wa 1500 kwa maji, mkono mwepesi kuliko wangu, mpaka alama ikaisha.

Land Cruiser 80 ina mifereji ya mvua pande zote mbili za paa, na nilimshukuru aliyeichora. Mfereji ni mpaka wa asili: tepu inaishia ndani yake na macho hayaoni ilipoishia. Pembe za mbele na nyuma ndizo zilizotutesa, tepu nyembamba ya milimita moja, miwani puani, taa karibu. Tulipobandika kipande cha mwisho, umeme ukakatika.

Sijui nilikaa kimya muda gani. Uchochoro mzima ulikuwa giza, mvua inapiga mabati.

Halafu nikagusa tangi la kompresa. Lilikuwa limejaa, lita 24, sindano ya kipimo cha hewa imesimama kwenye bar nane. Bunduki ya rangi ya gari kubwa ingelimaliza tangi hilo kufumba na kufumbua, lakini eabrashi inakula hewa kidogo. Nilipiga hesabu kichwani: dakika nane, labda kumi. Paa la sentimita kumi na kitu linahitaji chini ya hapo, nikifunga hewa kila ninapongoja tabaka lipumue.

Mpwa wangu alishika taa ya sola. Mshumaa hauingii chumba changu, iwe giza namna gani. Nilimpa barakoa yake, tukafungua madirisha yote mawili yenye wavu. Bila wavu tusingeweza, kwa sababu ni msimu wa senene na taa yoyote usiku inawaita, na senene mmoja juu ya fedha mbichi angetosha kutulaza hapo. Walikuwa wanagonga wavu. Tuliwasikia.

Ukungu. Kungoja. Ukungu. Kungoja. Sindano ilishuka sita, nne, tatu. Tabaka la mwisho, lile la kulaza chembe, nililipaka nikiwa nimesimama upande ili mwanga uje kwa mshazari. Niliachia kitufe sindano ikiwa juu ya mbili kidogo.

Klia sikuipaka. Ningeweza, hewa ilikuwepo ya kujaribu, lakini feni haikuwa inazunguka na kijana alikuwa karibu nami. Tulifunika gari kwa ndoo safi, tukala roleksi, chapati za kuviringishia mayai, mbili mbili kwa jirani yetu, ambaye alikuwa bado anakaanga mayai kwa mwanga wa simu. Umeme ulirudi saa tatu na nusu usiku. Feni ikawaka, kijana akatoka nje, nikapaka klia mara mbili, na mkono haukutetemeka.

Kabla hatujalirudisha sandukuni, mpwa wangu alipitisha tochi juu ya paa, kutoka mfereji hadi mfereji, polepole.

"Mjomba, aligusa wapi?"

Nilimwonyesha kwa makisio, kwa mbali.

Nilisafisha eabrashi, sindano na tundu, nikaloweka vikombe. Mikono ilinuka thina licha ya glavu zote. Nilifunga pazia kwa kamba, nikaweka kipimajoto kwenye 45, nikamwandikia mteja ujumbe: gari liko tayari, njoo saa tatu asubuhi, kabla ya hapo mlango hautafunguliwa.